Mlio Mkavu wa Bastola ya Urithi

Magharibi ya kreta ya Ngorongoro, katika nyanda za malisho zenye udongo wa majivu ya volkano, ipo Endulen. Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba mzee mmoja wa huko amefariki dunia. Wanawe wanapolifungua sanduku lake la bati wanaikuta, chini ya mablanketi, bastola kongwe ya aina ya rivolva. Imefungwa kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya kondoo, na ndani yake mna viasi sita. Mtoto mkubwa anatoka nayo nje ya boma, anauelekeza mtutu ardhini na kuvuta kifyatuo. Nyundo inaanguka. Badala ya mshindo unasikika mlio mkavu, kama wa kufuli linalofungwa. Anavuta mara ya pili na ya tatu. Mlio ni uleule. "Imekufa," wanaambizana, na bastola inatundikwa ukutani juu ya kitanda cha watoto.

Hatari inaanzia hapo. Bastola iliyokataa kuwaka haijafa. Ni mashine ambayo nishati yake imepotea mahali fulani njiani, kati ya springi na fataki, na nishati iliyopotea leo yaweza kesho isipotee. Ni wapi inapopotea, na kwa nini haipotei kila mara, ni mambo yanayoweza kuelezwa kwa fizikia na kemia ya shule ya sekondari.

Silaha kongwe kuonekana katika nyanda hizi si jambo la ajabu. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana katika nchi ya Kilimanjaro na Arusha, na vita vikasogea kusini. Baada ya vita hivyo walowezi, wengi wao Wajerumani, walifungua mashamba ya kahawa huko Oldeani, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Karatu. Wawindaji wa wanyama wakubwa nao walipita hapa miaka mingi. Maofisa wa Kiingereza walibeba rivolva za Webley, ambazo toleo lake la sita lilipokewa jeshini mwaka 1915, na baadaye rivolva ndogo zaidi ya Enfield, iliyopokewa mwaka 1932. Vyombo hivyo viliundwa vidumu. Springi zake, mafuta yake na hasa viasi vyake havikuundwa kudumu miaka 80.

Kabla ya kutafuta kasoro ni lazima kujua jinsi pigo linavyozaa moto. Wamaasai wa Endulen wanalijua jambo hili kwa njia yao wenyewe. Moto wa kupekecha, ambao wazee wa olpiron huuwasha rika jipya linapoanzishwa, hupatikana kwa kijiti kigumu kinachozungushwa juu ya kipande cha mti laini. Mikono hutoa nishati kidogo kidogo, msuguano huigeuza kuwa joto, na unga wa mti huishia kuwa kaa. Bunduki haina nafasi ya kungoja hivyo. Hiyo hutaka moto katika sehemu ndogo kuliko elfu moja ya sekunde.

Lugha ya Kiswahili imeitunza historia ya jambo hili katika majina. Bunduki moja ya zamani katika biashara ya pwani iliitwa gumegume, kwa sababu iliwashwa na jiwe la gumegume. Jiwe lilishikwa na taya za nyundo, likapiga kipande cha chuma cha pua, cheche zikaangukia baruti. Mawe ya jamii hiyo yamo hata katika tabaka za Olduvai, si mbali na Endulen, ambako watu wa kale sana waliyachonga kuwa zana. Yale yaliyowekwa katika bunduki za biashara, hata hivyo, mengi yalitoka Ulaya; mji wa Brandon huko Uingereza ulisifika kwa kuyachonga na kuyapeleka Afrika.

Mwaka 1800 mkemia wa Kiingereza, Edward Howard, alitangaza jinsi ya kutengeneza fulminati ya zebaki, chumvi inayolipuka ikigongwa. Mwaka 1807 kasisi wa Scotland, Alexander Forsyth, alipata hataza ya kuwasha bunduki kwa unga wa namna hiyo. Muda si mrefu unga ukatiwa katika kikofia cha shaba, ndicho fataki. Sasa pigo halikuhitaji tena cheche ya kuruka hewani. Likawa linazaa moto mahali palepale linapotua, hata katika mvua. Majeshi ya Ulaya yakaziacha bunduki zao za zamani, na nyingi zikashuka Zanzibar kuuzwa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipokuja kuizuia biashara hiyo, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ulifanya jambo ambalo mwalimu wa sayansi angelipenda kulitaja darasani: uliruhusu, kwa masharti, bunduki za gumegume zisizo na mikato ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida, na ukazikataza kwa biashara ya kawaida zile za fataki. Wanasheria walitambua kuwa tofauti kati ya silaha dhaifu na silaha kali huanzia mahali moto unapowashwa.

Rivolva ya Endulen ni ya kizazi kilichofuata. Kitu ambacho watu hukiita risasi, kwa jina lake kamili ni kiasi, nacho kina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, baruti, risasi yenyewe iliyo mbele, na fataki iliyo katikati ya kitako. (Risasi ni jina la madini kwanza, chombo kilirithi jina la madini kilichofuliwa nayo.) Ndani ya fataki, chini ya kifuniko chembamba cha chuma laini, upo utando wa mchanganyiko unaolipuka, na nyuma yake limekaa fuawe dogo. Pini ya nyundo hubonyeza kifuniko, mchanganyiko unasagwa kati ya kifuniko na fuawe, na chembe zake zinasuguana. Katika fataki nyingi huwekwa makusudi unga wa kioo au wa madini magumu ili msuguano huo uwe mkali. Basi fataki nayo hupekecha, ila hupekecha katika nafasi ya sehemu ndogo ya milimeta.

Je, pigo litoshe kiasi gani? Viwanda hulijibu swali hili kwa kuangusha tufe la chuma. Fataki huwekwa katika kishikio, pini husimamishwa juu yake, na tufe lenye uzito unaojulikana huangushwa juu ya pini kutoka kimo kinachopimwa. Kwa fataki za bunduki ya kijeshi ya milimeta 5.56, tufe la gramu 112 likianguka kutoka sentimeta 30 na nusu ni lazima fataki zote ziwake. Likianguka kutoka sentimeta 7 na nusu ni lazima isiwake hata moja. Mwanafunzi aweza kuifanya hesabu mwenyewe: tungamo mara mchapuko wa mvutano wa dunia mara kimo. Jibu la kwanza ni karibu juli 0.33, na la pili ni karibu juli 0.08. Juli 0.33 ni nishati ya mayai mawili ya kuku yanayoanguka kutoka kimo cha rula moja ya shule. Uhai au ukimya wa silaha unategemea nishati ndogo namna hiyo.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni nafasi iliyopo kati ya namba hizo mbili. Juu ya juli 0.33 kuna hakika ya kuwaka; chini ya juli 0.08 kuna hakika ya kutowaka. Katikati hakuna hakika yoyote. Humo fataki moja huwaka na nyingine ya kasha lilelile ikakataa, kwa sababu utando haukupakwa sawasawa kabisa, au kifuniko kimoja ni kinene kuliko kingine kwa unywele. Silaha iliyozeeka haihami kwa hatua moja kutoka uzima hadi kifo. Huteremka polepole ndani ya eneo hilo la bahati, na kwa hiyo hukataa mara moja katika mapigo ishirini, kisha mara moja katika matano. Mwenye kuijaribu mara tatu na kuipa hukumu amefanya kosa la mtu anayerusha sarafu mara tatu na kusema haina upande wa pili.

Fataki za bastola huwa na kifuniko chembamba zaidi, hivyo aghalabu huridhika na pigo dogo kuliko hilo. Kwa ajili ya hesabu, hata hivyo, juli 0.33 zitafaa kuwa mpaka. Na ichukuliwe nyundo inayosukumwa na springi yenye kani ya wastani wa nyutoni 45 katika njia ya milimeta 10. Kazi inayofanywa ni juli 0.45, nayo yatosha na kubaki. Springi ikizeeka na kupoteza sehemu moja kwa tano ya kani yake, hubaki juli 0.36, bastola bado inawaka. Springi ikiwa nzima lakini mafuta yaliyoganda yakaleta ukinzani wa nyutoni 4 njia nzima, hupotea juli 0.04 na kubaki 0.41, bado inawaka. Mambo hayo mawili yakikutana, hubaki juli 0.32. Hakuna kasoro hata moja kati ya hizo iliyotosha peke yake. Ndiyo maana fundi anayetafuta mkosaji mmoja, akimpata akaacha kutafuta, mara nyingi hurudishiwa kazi ileile baada ya mwezi.

Springi yenyewe hulaumiwa kupita inavyostahili. Watu husema kuwa imechoka kwa kukaa imebanwa miaka mingi. Chuma cha springi kilichotengenezwa vizuri, kikibanwa ndani ya mpaka wake wa mnyumbuko, hupoteza kidogo sana kwa kukaa tu. Kinachokiumiza ni kubanwa kupita mpaka huo, kubanwa na kuachwa mara nyingi mno, na kutu. Tena iko sababu nyingine ambayo haitokani na uzee: mikono ya mwenyewe wa zamani. Kifyatuo kigumu huchosha kidole na kuyumbisha shabaha, basi watu huikata springi au kuinoa iwe laini. Hata wahandisi wamewahi kulegeza. Mwaka 1938 rivolva ya Enfield ilitolewa katika namna mpya yenye springi laini zaidi ili kifyatuo kivutike kwa urahisi, na kwa kufanya hivyo sehemu ya akiba ya pigo ilitolewa. Katika rivolva za Smith & Wesson ipo skrubu ndogo mbele ya mpini inayoikaza springi; ikilegea mizunguko michache tu pigo hupungua, na tiba yake ni bisibisi.

Mafuta ni habari ndefu zaidi, na katika nyanda za juu za Ngorongoro ndiyo ya kutazamwa kwanza. Mafuta ya madini yakikaa miaka katika tabaka jembamba huungana na oksijeni ya hewa, na molekuli zake hushikana hata yakawa kama ulimbo. Mafuta ya mbegu yanayokauka, yale yanayotiwa katika rangi, hufanya hivyo upesi zaidi. Mafuta ya kondoo, ambayo ni rahisi kupatikana katika boma kuliko mafuta ya cherehani, huwa maji yakiwa juu ya moto lakini katika joto la kawaida huganda, na asubuhi ya baridi ya Endulen hugeuka kuwa kama mshumaa. Zaidi ya hayo huchacha, na asidi zinazotokana na kuchacha huila shaba ya ganda na kuacha ukungu wa kijani. Mzee wa mfano huu alidhani anaitunza silaha yake. Aliizuia kutu kwa nje na akaifunga breki kwa ndani.

Vumbi humaliza kazi hiyo. Udongo wa Endulen ni mtoto wa volkano, na Oldoinyo Lengai, mlima ulio kaskazini-mashariki ya kreta, ulimwaga majivu tena katika milipuko ya mwaka 2007 na 2008. Majivu ya mlima ule yana magadi mengi; hunyonya unyevu, yakakauka, yakashikana. Kwamba majivu ya volkano yakipata maji huweza kuganda, mtu wa Endulen hana haja ya kwenda mbali kulithibitisha. Huko Laetoli, jirani na kijiji hicho, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zilizofukuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978 zimehifadhiwa miaka milioni 3.66 kwa sababu jivu lililonyeshewa liliganda zilipokwisha kukanyagwa. Vumbi la aina hiyo likichanganyika na mafuta ya kondoo ndani ya njia ya nyundo, haliwi tena mafuta wala vumbi. Ni saruji laini.

Sababu nyingine zaweza kupitwa haraka. Ncha ya pini iliyoliwa na kutu au iliyokatika hulisambaza pigo au kulifupisha. Silinda ya rivolva iliyochakaa huwa na mchezo wa mbele na nyuma. Kiasi hukimbia mbele kikipigwa, kama mtu anayevuta mkono kidogo anapopokea mpira, na sehemu ya pigo huishia kukisukuma badala ya kukibonyeza. Kutu yenyewe aghalabu ililetwa na fataki za zamani, kwani nyingi zilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikiwaka huacha kloridi ya potasiamu, chumvi ndugu wa chumvi ya mezani, ambayo huvuta unyevu wa hewa. Silaha isiyooshwa kwa maji baada ya kutumika na fataki hizo huota kutu hata ikipakwa mafuta, kwa kuwa mafuta hayayeyushi chumvi.

Fundi stadi haanzi kwa kufungua skrubu. Huanza kwa kuusoma mbonyeo ulioachwa na pini juu ya kitako cha kiasi. Mbonyeo ulio pembeni huonyesha kuwa silinda haisimami mahali pake. Mbonyeo uliovutika upande mmoja huonyesha pini iliyokwama ikarudi kwa shida. Mbonyeo wa kina kizuri, ulio katikati, juu ya fataki isiyowaka, huiondolea bastola lawama na kuipeleka kwa kiasi. Mbonyeo hafifu huirudisha lawama kwa bastola.

Lakini jicho hudanganywa kirahisi mno katika usomaji huu. Ncha ya pini ina umbo la nusu tufe. Nishati ya pigo hutumika kuondoa ujazo fulani wa chuma mahali pake, na ujazo wa mbonyeo wa namna hiyo, ukiwa wa kina kifupi, hulingana na kipenyo chake kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Kwa hiyo pigo lililopoteza nusu nzima ya nishati halileti mbonyeo wa nusu ya upana. Mbonyeo uliopaswa kuwa na kipenyo cha milimeta 1.5 utakuwa na milimeta 1.26. Tofauti haifiki robo ya milimeta, na mtu akiutazama kwa macho matupu huapa kuwa ni uleule. Kina hupungua zaidi, kwa karibu asilimia 29, lakini kina ndicho kigumu kukadiria kwa macho. Hapo ndipo kipimo kinapolishinda jicho la mzoefu, hata awe amefanya kazi hiyo tangu ujana wake.

Darasa laweza kulithibitisha jambo hili bila silaha yoyote. Yatosha kuwa na gololi ya chuma ya beringi, mche wa sabuni mpya uliokatwa ukawa bapa au udongo wa mfinyanzi uliosawazishwa, na rula. Gololi iangushwe kutoka sentimeta 10, 20, 40 na 80, mara tano kwa kila kimo, na kipenyo cha kila shimo kipimwe. Kimo kikiongezeka mara nane, upana wa shimo huongezeka kwa karibu mara 1.7 tu. Kipenyo kikipandishwa kwenye kipeo cha nne na kuchorwa katika grafu dhidi ya kimo, alama zitakaribia kukaa katika mstari mnyoofu. Udongo ukiwa na maji mengi mno mstari utapinda, na kutafuta sababu yake ni zoezi jingine zuri.

Kuhusu kiasi chenyewe, kemia ndiyo yenye neno. Fulminati ya zebaki huoza polepole ikihifadhiwa katika joto, na zebaki yake huidhoofisha shaba ya ganda. Stifnati ya risasi, iliyoshika nafasi yake katika karne ya 20, huvumilia joto vizuri zaidi, ila ina sumu ya risasi, na mikono iliyoshika viasi vya zamani haifai kushika ugali kabla ya kuoshwa. Mafuta ni adui wa fataki zote mbili: yakipenya kando ya kifuniko huulowesha utando, na chembe zinazoteleza hazisuguani. Kuna pia fataki isiyokaa barabara katika tundu lake. Pigo la kwanza huisukuma tu ikafika chini, na la pili ndilo linaloiwasha. Mtu aliyeliona pigo la kwanza limeshindwa huwa hana habari kwamba ameitengeneza fataki yake.

Dhana moja yapaswa kukataliwa hapa. Wapo wadhanio kuwa hewa nyepesi ya nyanda za juu huinyima bastola pumzi, kama inavyompata mgeni anayepanda mlima. Jiko la mkaa litaona tofauti, kiasi hakioni. Baruti na mchanganyiko wa fataki hubeba oksijeni yao ndani ya molekuli zao wenyewe, na huwaka sawasawa pwani, kileleni, hata chini ya maji.

Sasa yarudiwe yale aliyoyafanya yule mtoto mkubwa nje ya boma. Fataki dhaifu huweza kuwaka kwa kuchelewa: cheche huenda katika baruti yenye unyevu polepole, na mshindo ukaja baada ya sekunde kadhaa. Kanuni ya wakufunzi ni kwamba mtutu ubaki umeelekezwa mahali salama angalau sekunde 30 kabla ya jambo lolote jingine. Katika rivolva sharti hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa kuvuta kifyatuo tena huizungusha silinda. Kiasi kinachochelewa huondolewa nyuma ya mtutu na kupelekwa pembeni, mahali ambapo kikilipuka risasi yake haina tundu la kutokea, na vipande vya chuma humrudia aliyeishika. Alivuta mara tatu kwa sekunde chache. Hakuna elimu iliyomwokoa hapo.

Wala tiba isifanywe nyumbani. Anayeongeza nguvu ya springi au urefu wa pini kwa kukisia huweza kuvuka upande wa pili, pini ikatoboa kifuniko cha fataki, na gesi yenye joto na shinikizo kubwa ikarudi usoni. Sheria nayo ina fungu lake. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1991, leseni ya silaha ni ya mtu aliyepewa, na haimwendei mrithi pamoja na ng'ombe na mablanketi. Familia inayokuta chombo cha namna hii hukiacha kilipo, huwaondoa watoto, na kuwaarifu polisi kupitia uongozi wa kijiji ili mwenye ujuzi aje kukichukua. Kukibeba ndani ya basi hadi kituoni ni kuongeza hatari juu ya hatari.

Na ichukuliwe, basi, kuwa hayo yalifanyika baada ya wiki mbili, na fundi wa silaha akaifungua rivolva ile juu ya meza yake. Katika njia ya nyundo alikuta utando wa kahawia wa mafuta na vumbi, mgumu kama nta. Springi ilikuwa imepungua kidogo, si ya kutupwa. Kisha akavipanga viasi sita kwa mfuatano wa silinda na kuvipima mibonyeo kwa kipimo cha kina. Wa kwanza ulikuwa hafifu. Wa pili ulikuwa hafifu, ingawa ulizidi kidogo ule wa kwanza. Wa tatu ulikuwa na kina kamili, kwa maana kila anguko la nyundo lilikuwa limekwangua sehemu ya ule utando na kuifungua njia. Kiasi hicho cha tatu kilishindwa kuwaka kwa sababu mafuta ya kitambaa yalikuwa yameingia katika fataki yake. Cha nne kilikuwa kikavu, hakina alama yoyote, na ndicho kilichokuwa kikifuata.